Muhuri Juu ya Barua ya Kompyuta

Siku mliponiaga mlinipa sufuria mbili, blanketi na dakika tano za kusema. Nilisema yale ya kawaida, kwamba nawashukuru na Mungu awabariki, kwa sababu chakula kilikuwa kinapoa na mheshimiwa alikuwa anatazama saa. Kisha Kathure wa masjala akanisindikiza hadi langoni, akaniuliza, "Madam, hizi kesi za watu kuandika mambo mtandaoni, enzi zenu zilikuwepo?" Nikamwambia ilikuwepo moja, nikapanda gari nikaenda zangu. Njia nzima hadi nyumbani Ruiri nilikuwa najilaumu kwa kumjibu kifupi hivyo. Hiyo moja nimekuwa nayo kichwani zaidi ya miaka ishirini, na hadi leo sijui ni wapi hasa nilipokosea. Najua tu kwamba nilikosea. Basi naiandika, nanyi mnaozipokea kesi hizo kila wiki mtaniambia mnavyoona.

Vyeo na mishahara nitaviruka. Havikuwa vingi.

Nilianza kazi katika mahakama ya Meru mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikiwa na sketi moja ya ofisi na cheti cha taipu. Nilidhani nitapiga taipu. Siku ya kwanza nikapelekwa stoo ya vielelezo kwa Bwana Mutwiri, karani aliyekaa mle muda mrefu hata koti lake lilinuka stoo: chang'aa, ile pombe haramu, vumbi na lakiri iliyoungua. Hakuniuliza jina. Alininyooshea jerikani zilizopangwa ukutani akasema, "Piga alama hapo chang'aa ilipofika. Kesho asubuhi uangalie kama imeshuka."

"Ikishuka nifanye nini?"

"Angalia nani anatembea vibaya."

Hivyo ndivyo nilivyofundishwa kazi. Kielelezo, kwa Bwana Mutwiri, ni kitu unachoweza kukifunga kamba. Unakifunga, unaning'iniza lebo yenye namba ya kesi, unayeyushia lakiri juu ya fundo, unakiandika kwenye rejista, na kuanzia hapo kikipotea ni wewe uliyekipoteza. Panga, jembe, gunia la bangi, mlango mzima uliovunjwa, vyote nilivifunga. Kamba ilinichubua vidole mwaka wa kwanza wote. Nanyi mnaobonyeza tu, msinicheke.

Karatasi ndizo zilizonichanganya. Miaka ile serikali ilikuwa na woga wa karatasi. Mwezi wangu wa pili kazini ililetwa bahasha ya kesi ya mwalimu mmoja aliyekutwa na vijitabu vya uchochezi. Nilipoifungua, Bwana Mutwiri alinishika mkono. "Usisome."

"Nitajuaje ni zenyewe?"

"Hesabu kurasa. Zigeuze juu chini, hesabu kwa kona. Ukisoma, na wewe umekutwa nazo."

Nikahesabu kurasa juu chini, kwa kona. Zilikuwa kumi na mbili. Kila siku ya kesi nilizihesabu tena, na mwalimu alipokuwa akinitazama kutoka kizimbani nilikuwa nimeinamisha uso kama mtu anayechambua mchele. Alifungwa. Nilizihesabu mara ya mwisho nikazirudisha kwenye bahasha. Sijui zilisema nini.

Kuna wakati wa chakula cha mchana nilichukua katiba kwenye kabati la mheshimiwa, nikatafuta hicho kifungu cha uhuru wa kutoa maoni. Nilikuwa nimesikia kipo. Kweli kipo. Kinasema una haki ya kuwa na maoni, kupokea mawazo, kuyatoa, na barua zako zisiingiliwe. Nikafurahi. Aya inayofuata inataja mahali ambapo haki hiyo haifiki: usalama, maadili, afya, heshima za watu wengine, hata mpango wa simu na posta. Nilimaliza nikiwa sijui kama nimepewa kitu au nimenyang'anywa. Nikamuuliza Bwana Mutwiri. Akaniambia, "Hayo ni ya Mahakama Kuu. Sisi tuko stoo."

Katikati ya muongo nikahamishiwa kituo kimoja upande wa Embu. Sitakitaja, wanaokijua wanakijua. Huko nikawa peke yangu stoo, mimi ndiye Mutwiri. Kisha, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, tukasikia redioni kwamba bunge limebadilisha sheria. Uchochezi umeondolewa kwenye vitabu, na watu wakitaka kukutana hawahitaji tena kibali, wanaarifu polisi tu. Tulisikia redioni, waraka haukufika. Hakimu wetu alikuwa na vitabu vilevile. Machifu nao waliendelea kutoa vibali na kunyima vibali, na wananchi waliendelea kuviomba. Ukimuuliza mtu sheria ni ipi, anakujibu, "Ile ya zamani, lakini imebadilika."

Wakati huohuo ndipo Wawira alipofungua ofisi yake. Alikuwa msichana wa Gachoka, Mmbeere, mpole wa maneno lakini macho hayapitwi na kitu. Alikuwa na chumba kimoja juu ya duka la dawa za mifugo, na humo alikuwa na simu na kompyuta. Alikuwa ameifunika kwa kitambaa cha kufuma, skrini kitambaa chake, na lile sanduku la chini kitambaa chake, kama makochi ya sebuleni. Watu wenye watoto ng'ambo waliletewa barua kupitia anwani yake. Mtoto anaandika huko, barua inafika kwa Wawira siku hiyohiyo, Wawira anaichapisha kwenye karatasi na kumpelekea mzazi kwa mtu anayeelekea huko.

Mimi pia nilikuwa mteja. Mpwa wangu alikuwa masomoni ng'ambo, na barua yake ya kwanza ilipofika niliitazama mbele na nyuma. Hakukuwa na stempu wala mwandiko, hata sahihi hamna. Nilikuwa nimeshika karatasi za kotini karibu miaka minane, na karatasi isiyo na alama yoyote ilinitia wasiwasi.

"Wawira," nikamwambia, "hii wazee watasema umeiandika wewe. Tengeneza muhuri. Wa mviringo, wenye tarehe katikati. Gonga, tia sahihi. Karatasi bila muhuri hakuna mtu ataiamini."

"Kama ule wa kwenu kotini?"

"Kama ule."

Nilimwelekeza hata kwa fundi wa mihuri. Nilijiona nimemsaidia, na kwa muda kweli nilikuwa nimemsaidia. Mihuri ilipoanza wateja waliongezeka. Kuna wazee walizitia barua zake kwenye fremu.

Mmoja wa wateja wake alikuwa Mama Njeru, mjane wa kijiji kimoja upande wa Karurumo, ambaye kijana wake Njeru alikuwa chuoni ng'ambo. Huko kijijini akina mama walikuwa na mradi wa maji. Mitaro ilikuwa imechimbwa nusu, mabomba yamelala kwenye nyasi, na walikuwa wanataka kukaa pamoja wakubaliane bomba lipite shamba la nani. Chifu wa sehemu ile aliwanyima kibali mara tatu. Mama Njeru akaomba aandikiwe barua ya kulalamika kwa kijana wake. Jibu likaja kwa Wawira. Lilikuwa fupi, nami nimelikariri kwa sababu hili nililisoma. "Mama, nimeuliza watu wanaojua. Sheria imebadilika. Mkutano wa maji hauhitaji kibali cha chifu. Kutaneni, msiogope." Wawira akalichapisha, akaligonga muhuri, akatia sahihi, akalituma.

Akina mama wakakutana Jumatano. Chifu akaja na askari wake wawili akauliza ni nani amewaruhusu. Mama Njeru hakubishana naye hata kidogo. Alifungua mkoba wake akatoa karatasi, akamwonyesha. "Tumeruhusiwa. Muhuri ndio huu."

Hawakuwa wanamdanganya. Kwao muhuri wa mviringo ni wa serikali, na karatasi yenye muhuri inayosema kutaneni ni kibali. Walishangaa chifu anakasirikia nini. Chifu naye alisoma ile karatasi, akaona hakuna jina la afisa yeyote isipokuwa sahihi ya Wawira, na siku mbili baadaye Wawira akakamatwa. Shtaka lilikuwa la kuchapisha habari za uongo zinazoweza kuwatia watu hofu. Kama kuna aliyetiwa hofu hapo, ni chifu.

Sajini wa polisi alileta kielelezo stoo kwangu akiwa amekikumbatia. Ilikuwa ile skrini, na kitambaa chake.

"Hii ni nini?" nikamuuliza.

"Kompyuta. Barua iko ndani."

"Umeiona?"

"Madam, wewe funga kamba."

Nikaifunga kamba. Nikayeyusha lakiri, nikaandika kwenye rejista, "Kompyuta moja, barua ndani." Mkono ulikuwa unaandika na kichwa kinauliza. Nimeshikishwa kitu nisichokiona, nimekitia sahihi. Hapo sikujua hata kama hii kesi ni ya posta, ya simu, au ya mdomo wa mtu.

Wawira alikaa rumande siku kumi kabla kaka yake hajapata mdhamini. Nilikutana na mama yake akimpelekea uji wa wimbi kwenye chupa ya chai. Hakunijua. Nilimpisha njia nikaingia stoo, nikakaa kwenye gunia. Nilikuwa na hofu, na nisiseme ilikuwa ya Wawira peke yake. Nilikuwa na watoto wawili shuleni na kazi moja.

Siku ya kusikilizwa, hakimu aliagiza kielelezo kiwashwe ili aione barua. Nikaleta skrini, ikachomekwa ukutani. Taa ndogo ikawaka, kioo kikabaki cheusi. Tukangoja. Sajini akaipiga piga ubavuni.

"Imegoma, mheshimiwa."

Wawira, ambaye hakuwa na wakili, akainua mkono kizimbani kama mwanafunzi. "Mheshimiwa, hiyo ni uso tu. Kichwa kiliachwa ofisini, kiko chini ya meza. Kimefunikwa kitambaa."

Watu wakacheka. Sajini alikuwa amedhani lile sanduku ni kigoda cha kuwekea miguu. Hakimu hakucheka. Kesi ikaahirishwa, sanduku likaletwa, nikalifunga kamba nalo. Siku iliyofuata vyote vikaunganishwa, na hapo ikabainika kwamba mahakamani pote hakuna mtu anayejua kuifungua ile barua isipokuwa mshtakiwa. Hakimu akamwambia Wawira aje aifungue. Inspekta wa mashtaka akasimama, halafu akakaa, halafu akasimama tena.

"Mheshimiwa, nahofia mshtakiwa atakuwa anatoa ushahidi dhidi yake mwenyewe."

"Wewe ndiye unayemshtaki," hakimu akasema.

"Ndiyo, mheshimiwa. Ndiyo maana nahofia. Tena akibonyeza vibaya ikafutika?"

Hakimu aliweka kalamu chini akajishika paji la uso. Kisha akaanza kuuliza maswali ambayo nafikiri hakuyauliza kwa ajili ya kesi. Barua ya asili ni ipi, iliyoko humu au karatasi? Aliyeiandika yuko ng'ambo, je, amesema akiwa huko au amesema hapa? Huyu msichana ni kama posta, au kama gazeti? Kama ni posta, tangu lini posta inashtakiwa kwa yaliyo ndani ya bahasha? Inspekta akasema atatafuta mwongozo. Nilimwona mheshimiwa akifungua katiba, ileile, akisoma ile aya ya pili mara kadhaa, akaifunga.

"Sasa tunabaki na muhuri," akasema. Akamgeukia Wawira. "Posta hugonga muhuri juu ya bahasha. Wewe umegonga juu ya maneno na ukatia sahihi. Kwa nini?"

"Niliambiwa karatasi bila muhuri haiaminiki, mheshimiwa."

"Uliambiwa na nani?"

Nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka kwake, nimeshika ncha ya kamba. Hakunitazama. Alitazama vidole vyake, akasema, "Na mtu tu."

Kesi ikaahirishwa wiki mbili. Siku ya tatu nikagonga mlango wa mheshimiwa nikamwambia, mimi ndiye huyo mtu. Mimi nilimwelekeza muhuri, umbo lake na fundi wake.

"Unaniambia kama nani? Kama karani wangu?"

"Sijui, mheshimiwa."

"Kama ni karani, sijasikia. Kama ni shahidi, nipe funguo za stoo uende ukaape kama watu wengine. Lakini fikiri. Nikiandika jina lako kwenye faili, mimi siwezi kulifuta."

Nikaweka funguo mezani. Sijisifu. Nilishindwa kuzitoa kwenye pete yake, nikaziacha na za nyumbani pamoja, jioni nikarudi kuomba za nyumbani.

Niliapa, nikaeleza. Inspekta hakuwa na swali. Hakimu akamwambia Wawira anaweza kumuuliza shahidi. Nilidhani atanishukuru na kuniacha nishuke. Aliniuliza, "Madam, uliponiambia nigonge ili watu waamini, ulitaka waamini nini?"

"Kwamba barua ni ya kweli."

"Kwamba Njeru ameiandika, au kwamba alichoandika ni kweli?"

Nilikuwa nimefunga karatasi kamba miaka yote ile, na swali hilo halijawahi kunipitia. "Sijui," nikasema. Hakimu akaliandika jibu langu kwa mkono, polepole. Nadhani liko kwenye faili mpaka leo.

Wiki iliyofuata inspekta akaondoa shtaka. Hakusema kwa nini. Labda ule mwongozo ulikuja, labda kuna mtu alimwambia alichoandika Njeru ni sheria ya nchi, si uongo. Wawira hakupewa hukumu ya kuwa na hatia wala ya kutokuwa nayo. Aliambiwa aende, lakini anaweza kukamatwa tena kwa jambo lilelile. Hakuna aliyejibu hata swali moja la mheshimiwa. Nikarudishiwa funguo, nikakata kamba, nikamkabidhi mitambo yake. Akasaini kwenye rejista. Aliuliza vitambaa viko wapi, nikampa.

Ningependa kuishia hapo, maana mpaka hapo mnaweza kunipigia makofi.

Wawira alifungua tena. Muhuri aliutupa chooni, mwenyewe aliniambia. Lakini barua ziliendelea kuja, na sasa kila barua ilimtisha. Siku moja nikiwa nimemtembelea akanivuta kiti mbele ya skrini. "Madam, wewe unajua mambo ya kotini. Nisomee hii. Niitoe au nisiitoe?"

Nikaisoma. Mtu anamuuliza baba yake habari za kahawa. Nikamwambia itoe. Wiki iliyofuata nikasoma nyingine, na nyingine. Nikawa napita kila Ijumaa mchana. Alinipikia chai, nami nilikaa pale nikisoma barua za watu, wake kwa waume, magonjwa yao na mapenzi yao, nikimwambia hii itoe, hii itoe. Mimi niliyehesabu kurasa juu chini nisisome, nikawa nasoma zote. Ya nne au ya tano ilimtaja mbunge kwa maneno makali. Nikamwambia, "Hii iache kwanza." Hakubishana. Hakuniuliza ni sheria gani, na kama angeniuliza ningesema nini? Hakuna aliyenituma. Nilikuwa namwogopea msichana asirudi rumande, na nilikuwa najiogopea mimi, na hofu hizo mbili sikuweza kuzitenganisha. Hata leo siwezi.

Kisha ikaja ya Njeru. Ilikuwa ndefu. Alikuwa amesikia kesi imeondolewa, akamwandikia mama yake kwamba hakukosea, kwamba ana haki ya kusema na kukutana, aende na wenzake kwa mkuu wa wilaya wamshtaki chifu kwa kuwazuia. Ilikuwa barua nzuri. Kila neno lilikuwa kweli kwa jinsi nilivyoijua sheria. Niliisoma mara mbili. Wawira alikuwa nyuma yangu, mkono kwenye swichi ya printa.

"Iache," nikasema.

Tulikuwa bado tumekaa hivyo mlango ukagongwa. Alikuwa Mama Njeru mwenyewe, amekuja mjini kwa shughuli zake, kikapu begani. Alikuwa amenitambua kutoka kotini, akanisalimia kwa mikono miwili. Kisha akamwuliza Wawira kama kuna chochote kutoka kwa kijana wake. Wawira alinitazama mimi.

"Bado, Mama Njeru," nikamwambia. "Hakuna kitu."

"Hata maneno mawili?"

"Hata mawili."

Uso wake ulinyong'onyea kidogo, kisha akajikaza akanishika bega. "Basi nimetulia. Nilikuwa nadhani labda imefika wakaifungia. Lakini wewe ni mtu wa kotini, huwezi kunificha."

Akainua kikapu chake akashuka ngazi.